Kahawa Kibogoyo

7 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi hatujambo, na wewe natumaini hujambo, ingawa sijaisikia sauti yako tangu tulipomzika mama, na sitasema kwamba nimeikosa. Shemeji yako anaendelea na ufundi wake wa mafriji. Wiki iliyopita moja lilimwangukia mguuni, sasa anatembea kama bata, lakini kazi haijasimama. Mpwa wako amejifungua mtoto wa kike. Masikio ya mtoto ni yako matupu, na watu wakija kumwona wanajizuia kucheka mbele ya mama yake. Mimi bado nashona sare za shule kwenye chumba kilekile juu ya duka la rangi, na Mama Pindo bado yuko kwenye cherehani ya pembeni, anapinda sketi na kusengenya watu.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize sentensi. Karatasi haikatizi mtu.

Shida yangu ni hii. Mwezi uliopita moyo ulianza kunienda mbio nikiwa nimekaa tu nakata kitambaa, mpaka mkasi ukanidondoka. Daktari akapima vyote. Akasema moyo hautaki kafeini na damu haitaki sukari. Kwa hiyo nimenyang'anywa vyote viwili kwa mpigo, mimi ambaye kikombe changu kilikuwa kinakorogwa vijiko vitatu na kijiko kinasimama chenyewe. Nikamwuliza, "Daktari, sasa mle kikombeni kimebaki nini?" Akasema ipo kahawa iliyotolewa kafeini. Nimeitafuta. Dukani hapa kuna ya kopo moja tu, unga mweusi, ukiukoroga unanuka boksi lililonyeshewa. Shemeji yako aliionja akaniuliza kama nimechemsha soksi.

Wewe ndiye mwonjaji wa kiwanda cha kahawa. Kazini wanakuita Ulimi, na sisi wote tumelisikia hilo jina mpaka tumelichoka. Nitumie kahawa nzuri isiyo na kafeini, na unieleze namna ya kuinywa bila sukari na bila kutapika. Sikuombi kama dada. Nakuomba kama mteja yeyote anavyoomba.

Usiniandikie mahubiri. Na mama usimtaje.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Barua yako ilifika. Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu sana, yeye ana moyo mwepesi. Watoto wanasoma. Mimi mwishoni mwa mwaka jana niliugua homa kali, ikapita, sina zaidi la kueleza. Mtoto mpeni pole kwa masikio. Mwambieni yanafaa kuliko mdomo.

Umebahatisha wakati. Tajiri ameamua nasi tuanze kuuza kahawa isiyo na kafeini, na mimi ndiye niliyepewa kuichagua. Hapa kiwandani tunaiita kibogoyo: mdomo upo, meno hakuna. Punje mbichi zinalowekwa kwenye maji moto mpaka ule ukali utoke, kisha zinakaushwa ndipo zikaangwe. Ugumu wake ni kwamba ukali ukiondoka, ladha nayo hupenda kufuatana nao, kama mke anayerudi kwao akabeba na masufuria. Kupata kibogoyo chenye ladha ni kazi. Ndiyo maana hiyo ya kopo lako inanuka boksi.

Nimekutumia pakiti moja kwa basi. Saga ya siku hiyohiyo. Maji yakichemka yaache yatulie kwanza, usiyamwage yakiwa bado yanaruka. Na sukari usitie hata chembe. Watu watakuambia upunguze pole pole, leo viwili, kesho kimoja, keshokutwa nusu. Huko ni kujidanganya. Acha mara moja. Ulimi utalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, halafu utanyamaza.

Unasema mama nisimtaje. Sawa. Nasema tu kwamba wapo watu walioambiwa na daktari waache sukari na wakaacha, kwa kuwa hapakuwa na mtu pembeni wa kuwakorogea. Wengine hawakupata bahati hiyo.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mguu wa shemeji yako unapona. Mpwa wako amerudi kwake na mtoto.

Kwanza, mimi nimekupita miaka sita, na barua yako haina shikamoo. Nimeitafuta mbele na nyuma ya karatasi.

Pili, kahawa yako inanuka mafuta ya taa. Niliifungua kazini wakati wa mapumziko. Mama Pindo akainua kichwa kutoka kwenye sketi akauliza, "Nani anawasha jiko?" Nikasema labda harufu itaisha ikipikwa. Haikuisha. Nimekunywa mafuta ya taa bila sukari, mdogo wangu, kama nilivyoagizwa.

Siamini kwamba mtu anayeitwa Ulimi alifunga pakiti ile asijue. Harufu ile hata mwenye mafua angeijua. Kwa hiyo ulijua. Ulikaa, ukafikiri, ukatabasamu, ukaifunga na kamba ukaipeleka kwenye basi.

Yale ya kaburini hayakukutosha? Ngoja nikukumbushe, maana msemaji husahau, msemwa hasahau. Mbele ya ukoo wote, udongo ungali unamwagwa, ulininyooshea kidole ukasema, "Mama hakuuawa na ugonjwa. Ameuawa na kijiko cha dada." Watu waligeuka, wakaniangalia mikono. Mpaka leo nikimkaribisha mtu wa ukoo kikombe chochote, kwanza ananiangalia mikono.

Sukari nimeacha. Sikuacha kwa ajili yako. Wiki ya kwanza nilikuwa nalipita lile kopo la sukari kama mtu anayempita mchumba aliyemwacha, macho mbele, shingo ngumu. Hiyo kahawa ya boksi naimeza huku nimeshika ukingo wa meza.

Pakiti yako nimeirudisha kwa basi lilelile. Wape wenye taa.

Shangazi anasema jiwe la kaburi la mama litawekwa tarehe ishirini Desemba na anataka watoto wote wa mama wawepo. Yaani mimi na wewe. Nimekufikishia ujumbe tu.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo, kwa kuwa umeidai.

Sisi hatujambo. Wifi yako siku hizi hataki niingie jikoni, kwa hiyo nakuandikia hapa sebuleni, watoto wakinipigia kelele.

Pakiti ile niliionja mwenyewe na haikuwa na kasoro. Kama ilishika harufu, iliishika kwenye basi. Au pengine ni pua yako. Mtu aliyekunywa uji wa sukari miaka arobaini akauita kahawa hawezi kuamka siku moja akawa hakimu.

Lakini tusibishane kama watoto. Tupime. Nimekutumia vifurushi vitatu vidogo, kila kimoja na namba yake, nimevifunga kwenye plastiki mbili mbili ili usipate kisingizio. Vyote ni kibogoyo, kila kimoja na shamba lake. Pika kimoja kimoja, bila sukari, kisha uniandikie unachokipata kikiwa moto, kikiwa vuguvugu, na kikipoa. Usiniandikie "nzuri" wala "mbaya." Andika inafanana na nini. Nataka nione kama una ulimi, au una kipande cha nyama tu mdomoni.

Jibu kabla ya katikati ya Juni.

Kuhusu jiwe, sijui kama nitapata ruhusa kazini.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mtoto ameanza kujigeuza kitandani. Shemeji yako anasema nikusalimie, nami nimemwambia nitakusalimia.

Nilikuwa nimeamua kutokujibu. Mama Pindo akasema, "Ukinyamaza ataona huna ulimi kweli." Kwa hiyo pokea.

Namba moja. Ikiwa moto haina kitu, ni kama kusalimiana na mtu mliyegombana. Ikipoa inageuka kali pembeni mwa ulimi, kama unapolamba ncha ya uzi ili upite kwenye tundu la sindano, na uzi ule umetiwa rangi juzi.

Namba mbili. Maganda ya karanga yaliyoungua, mwanzo mpaka mwisho. Inakwaruza koo kama turubai.

Namba tatu niliipika mwisho, kichwa kikiuma, nikaisahau dirishani kwa sababu mwalimu mkuu mmoja alipanda juu kugombana nami kuhusu kola. Alipoondoka ilikuwa vuguvugu. Nikainywa nimesimama, bado nina hasira naye. Mle ndani kulikuwa na utamu! Nikamgeukia Mama Pindo, "Umetia sukari humu?" Akaapa kwa wanawe wote kwamba hajagusa. Nikanywa tena. Haukuwa utamu wa sukari, ule unaokukimbilia mlangoni. Huu ulikaa nyuma, ukangoja nimeze, ndipo ukaja. Yenyewe ni laini kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi, na mwishoni kabisa kuna ganda la chungwa.

Nimechukia kwamba ni nzuri. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia kichwani kwamba zote ni takataka. Na nimechukia zaidi kugundua kwamba miaka yote hii nilikuwa sinywi kahawa, nilikuwa nakunywa sukari iliyovaa kanzu nyeusi. Hilo nimeligundua mwenyewe. Usije ukasema ulinifundisha.

Nitumie kilo moja ya hiyo namba tatu.

Dada yako


18 Juni

Shikamoo dada,

Wote wazima. Namba nne hadi namba nane ziko kwenye basi la Ijumaa. Kilo yako imo humohumo.

Lile ganda la chungwa la namba tatu, ni bichi au lililokauka? Utamu ulikaa ulimini kwa muda gani ulipokwisha kumeza? Ikipoa kabisa unabaki au unakimbia? Andika kama ulivyoandika mara ile, usifupishe, na barua iwahi basi la Jumatatu.

Usijione mjuzi. Nalinganisha tu na niliyoyaandika mimi.

Mdogo wako


24 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu zangu leo ni fupi. Tupo.

Tangu Juni nimekuwa nakuandikia kila basi linapopita. Nimeonja namba zako zote mpaka ya ishirini na moja. Kazi za watu zimechelewa mezani kwangu kwa sababu nilikuwa nakaa na vikombe vilivyopoa nikitafuta neno. Nilidhani tunashindana. Niseme kweli, nilikuwa nafurahia kukushinda.

Jana nilienda kununua uzi. Duka la vyakula la mkabala limepanga kahawa mpya dirishani, pakiti ya kijani, jina la kiwanda chenu, isiyo na kafeini. Nikaingia nikaishika. Nyuma yake imeandikwa: "Laini kama kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. Utamu wake hungoja umeze, ndipo uje. Mwishoni, ganda la chungwa lililokauka."

Nikamwuliza muuzaji, "Haya maneno kaandika nani?"

"Mwonjaji wao, mama," akasema. "Wanasema ana ulimi wa ajabu."

Nilirudi kazini bila uzi, nikampigia wifi. Nilimwuliza swali moja tu, "Huyu mume wako ana nini?" Akaanza kulia. Kumbe ile homa ya mwaka jana iliondoka na pua yako. Hunusi sabuni, hunusi samaki, hunusi moshi. Kumbe mwezi wa tano gesi ilivuja jikoni nawe umekaa palepale unasoma gazeti, unataka kuwasha jiko, mpaka akaingia akakuburura kwa kola. Ndiyo maana jikoni hutakiwi. Na kiwandani hakuna anayejua.

Basi ile pakiti ya mafuta ya taa hukunifanyia kusudi. Hilo nalifuta. Lakini hili la pili umelifanya macho makavu. Ulinitukana ili nionje. Ulisema nina kipande cha nyama mdomoni, kisha kipande hichohicho ukakibeba ukaenda kujigamba nacho ofisini, ukapigiwa makofi. Mikono yangu ni ya muuaji, ila ulimi wangu unafaa. Ndivyo?

Sitaki kutajwa kwenye pakiti yenu, wala sitaki shukrani. Nataka kitu kimoja. Tarehe ishirini Desemba, jiwe likiwekwa, watu walewale watakuwa pale pale. Simama mbele yao uyafute maneno yako. Yalisemwa mbele ya watu, yafutwe mbele ya watu. Mpaka siku hiyo usinitumie hata punje moja.

Dada yako


15 Oktoba

Dada,

Wifi yako ana mdomo mpana kuliko lango la kiwanda, na nimeshamwambia hivyo.

Ndiyo, sinusi. Umejua. Furahi.

Hukuniuliza ikoje, lakini nitakuambia ili ufurahi vizuri. Kuna meza ndefu nyeupe. Vikombe vimepangwa, kila mtu ana kijiko chake, na mimi natangulia kwa kuwa mimi ndiye Ulimi. Navuta kwa kelele, nazungusha mdomoni, natema kwenye ndoo. Wote wananiangalia uso. Na mdomoni nina maji ya moto, dada. Maji ya moto na uchungu kidogo, basi. Nimejifunza kumchungulia msaidizi wangu: akikunja uso, nami nakunja. Siku moja mtu alikosea akatia chumvi kwenye birika, nami nikaijua chumvi kabla yao wote, maana chumvi bado naipata. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya magunia nikalia kwa furaha, mtu mzima, kwa sababu ya chumvi. Watoto wangu wakinikumbatia siwapati. Nimesahau wananukiaje.

Barua yako ya Juni nilipoisoma, niliipata ile kahawa. Sijui nikuambieje. Ndiyo maana nikaagiza nyingine, na nyingine.

Lakini unachokitaka hukipati. Nimepungukiwa pua, sijapungukiwa kumbukumbu. Nilipokuja kumwona mama mara ya mwisho nilikukuta umeinama juu ya kikombe chake unakoroga. Vijiko vitatu. Nilikuambia acha. Ukaniangalia machoni, ukaendelea kukoroga. Nilipiga kelele mpaka wauguzi wakaja, na wewe hukufungua mdomo. Kaburini nilisema, hukujibu. Miaka miwili imepita hujajibu. Asiye na hatia hujitetea.

Ukitaka kumwambia tajiri habari za pua yangu, mwambie. Barua hii usiijibu.

Mdogo wako


2 Novemba

Mdogo wangu,

Nimeijibu.

Salamu kwanza, maana mimi sikulelewa porini. Hatujambo. Mtoto anakaa mwenyewe bila kushikiliwa. Shemeji yako amepata kazi ya mafriji ya hospitali nzima.

Unasema asiye na hatia hujitetea. Haya, najitetea, na ukimaliza kusoma utatamani ningeendelea kunyamaza.

Wiki chache kabla ya hiyo safari yako, daktari alinitoa chumbani kwa mama. Tukasimama kwenye ujia, karibu na ndoo za wafagiaji. Akasema figo zimekwisha, hakuna tena sababu ya kumkataza kitu. "Mpeni anachotaka." Ndivyo alivyosema. Niliporudi ndani, mama akaniangalia. "Amekuambia?" Sikuweza kumdanganya, niliitikia kwa kichwa tu. Akaitazama dari. Kisha akasema, "Basi niletee kahawa. Ile ya zamani. Na usinibanie sukari."

Nikamwambia aniache nikupigie wewe simu. Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Akasema, "Huyo asijue. Kila siku ananipigia kunigombeza. Mama umekula nini, mama acha sukari, mama nitakuja nilitupe hilo kopo. Akijua ataacha kunigombeza. Ataanza kunisemesha taratibu. Na siku atakaponisemesha taratibu, nitajua nimeshakufa." Akaniapisha. Nikaapa.

Kwa hiyo ulipokuja ukapiga kelele pale kitandani, nilikoroga nikanyamaza. Hukumwona alivyokuwa anatabasamu? Ulimwona. Ukadhani anakudharau na mimi namsaidia. Alikuwa anakusikiliza kama watu wanavyosikiliza redio waipendayo. Ulipoondoka alisema, "Bado ananigombeza huyu," akamaliza kikombe chake.

Na kaburini uliponinyooshea kidole nilikuwa na kiapo mdomoni. Ningejibu nini? Nimekaa nacho, nikawaacha watu waniangalie mikono. Leo nimekivunja. Nilimwahidi mama, na wewe kwa ubishi wako umenifanya mwongo kwake. Kwa hilo nakuchukia pia, uliongeze kwenye mengine.

Tajiri wako sitamwambia kitu. Hiyo ni shughuli yako. Kahawa naendelea kunywa, ile ya pakiti ya kijani. Nainunua dukani kama watu wote, naiacha ipoe kidogo, sukari siitamani tena. Moyo umetulia. Wako sijui.

Usinipigie simu. Ukinisemesha taratibu nitakata.

Dada yako


5 Desemba

Shikamoo dada,

Barua yako nimeisoma. Hilo uliloliandika siwezi kuliandikia. Nimejaribu, karatasi zimejaa kapuni.

Haya mengine naweza. Nimemwambia tajiri. Mwanzo alicheka, akadhani ni utani. Kisha akauliza, "Sasa hii kibogoyo tunayoiuza nani aliionja?" Nikasema, "Dada yangu, mshonaji." Hakunifukuza. Nimehamishiwa kwenye mashine ya kukaangia, huko kazi kubwa ni kuangalia rangi na kusikiliza punje zinapoanza kupasuka. Bwana wa mashine ni mkorofi, hanipendi, kila saa ananiuliza kama nimelala. Jina la Ulimi limekufa. Mwonjaji mpya ni binti mdogo mwenye pua kali, anakunja uso kabla hata kikombe hakijafika mezani.

Tarehe ishirini sijui.

Mdogo wako


27 Desemba

Mdogo wangu,

Hatujambo, mtoto ana kikohozi kidogo.

Nakuandikia ili nikueleze ulichokifanya, maana uliondoka kabla hujakiona vizuri.

Ulifika umechelewa. Jiwe lilikuwa limeshawekwa na fundi anafuta saruji pembeni. Tulikuwa tumekwisha kusema ya kusema, watu wanaanza kuvaa viatu vya safari. Shangazi alikuwa ananilalamikia kwamba herufi ni ndogo. Nikakuona umesimama nyuma yake, shati limekunjamana, umekonda. Ukaomba watu wasiondoke. Mkono wako ulikuwa umelishika bega la shangazi kana kwamba yeye ndiye atakayeanguka.

Ukasema: "Siku tulipomzika mama nilisema ameuawa na kijiko cha dada. Nilisema uongo. Mama aliomba mwenyewe, na dada alikuwa anajua nisilolijua. Yeye alikaa naye. Mimi nilipiga simu tu."

Shangazi akasema, "Eh?" Ukarudia sentensi ya kwanza, ya pili ikakushinda. Ukaniangalia. Mimi nikaangalia jiwe. Uligeuka ukaondoka, na shemeji yako alipokukimbilia na huo mguu wake kukuambia chakula kipo, ulikuwa umeshapanda gari.

Hujaniomba msamaha, na mimi sijakusamehe, tusidanganyane. Miaka miwili haifutiki kwa pumzi moja. Usiku ule sikuonana na mtu, nilifunga mlango. Nilichokuwa nakifanya huko ndani hakikuhusu.

Lakini nina lawama, na lawama yenyewe ni hii. Ulisema kwa sauti ndogo. Waliosikia ni shangazi, fundi wa jiwe, na wachache wa mbele. Wajomba waliokuwa kule langoni hawakusikia kitu. Mmoja aliniuliza kama ulikuwa unaomba maji ya kunywa. Na wao ndio wenye midomo. Siku ile uliponinyooshea kidole sauti yako ilifika mpaka barabarani, wapita njia walisimama. Safari hii imekwama kwenye bega la shangazi.

Mimi nilikusikia. Neno kwa neno. Lakini mimi siye niliyehitaji kuambiwa.

Shangazi ameona herufi lazima zichongwe upya, anatuita tena mwezi wa tatu. Wajomba wote watakuwepo. Njoo na mke wako na watoto, uwahi, ule kwanza upate nguvu.

Halafu usimame uyaseme tena, kwa sauti.

Dada yako